Farasi wa Plagi

Ambakisye ni mwashi, na hucheza kama mwashi.
Naanza na askari wa mfalme, hatua mbili;
yeye anasogeza wake mmoja, hatua moja tu,
kando, kimya,
kama anayevuta kamba kabla ya tofali la kwanza.
Najua kinachofuata: askari wa pili katikati,
mgongo kaegemeza kwa mwenzake,
na ukuta umesimama.

Miaka miwili nimeugonga ukuta huo.
Nilikuwa napeleka askari wangu mapema, kifua mbele,
kama harusi inayopita Mwanjelwa na matarumbeta,
naye aliwapokea mmoja mmoja,
akawapanga,
akawapiga lipu.

Baridi ya mwaka huu nimebadili.
Natoa farasi kwanza,
wa kushoto, kisha wa kulia,
na askari wa malkia namwacha nyumbani alale.
"Huyo vipi?" anauliza Ambakisye, kidole hewani.
"Hajaamua."
"Utamwamsha lini?"
"Ukimaliza kujenga, nione mlango umeuweka wapi."

Anacheka, anapulizia viganja.
Uyole mwezi wa sita ukungu haupigi hodi:
umeingia gereji, umekalia matairi,
umelowesha miraba niliyoichora kwa oili chafu
juu ya kipande cha paini.
Kete zetu ni za dukani, isipokuwa farasi wangu wa kulia.
Alipotea siku tulipohamisha banda,
nikasimamisha plagi ya pikipiki mahali pake.
Shingo nyeupe, kichwa cha chuma,
na masizi kidogo mdomoni, kama aliyetoka kula.

Dada zangu nao wana kidole hewani.
Kile kiwanja cha Isyonje, nakijenga au nakiuza?
Nawamiminia chai, naulizia watoto.
Wanadhani sina mpango.
Lakini farasi akisimama vizuri ana njia nane,
na askari akishasonga
harudi.

Leo mwashi kafanya ujanja wake:
kamtoa askofu nje kabla hajaufunga ukuta,
kamkodolea macho farasi wangu wa plagi.
Nyuma ya plagi yupo malkia.
Farasi akiondoka tu, malkia yuko wazi.
Zamu ni yangu. Nanyoosha mkono kwa askari wa pembeni,
nimfukuze huyo mtu wa kanisa,

na honi ikalia.

Lusajo, anasukuma pikipiki kwa miguu,
nyuma yake mama na kreti ya vifaranga.
"Plagi imekufa, dada Tusekile. Huna nyingine?"
Rafu tupu. Duka la jirani limefungwa, wamekwenda msibani.
Mama amevua kitenge, amefunika kreti,
na vifaranga vinalia chini ya maua ya kitenge,
sauti nyembamba, nyembamba,
kama redio iliyo mbali na stesheni.

Nikatazama ubao.
Ambakisye akatazama ubao.
"Usiguse kitu," nikamwambia,
nikamng'oa farasi.
Nikamsugua kwa msasa, nikapima pengo la cheche kwa wembe,
nikamkaza mahali ambapo hakuwahi kuota kupelekwa.
Pigo la kwanza, kimya. La pili, kikohozi.
La tatu likaitika,
na wakapanda kuelekea Isyonje, taa ikimezwa na ukungu.

Nilikawia kunawa. Oili ya baridi haitoki upesi.
Niliporudi, Ambakisye alikuwa ameshaondoka,
amechukua mwiko wake na koti.
Nikainamia ubao nihesabu hasara:
askofu palepale, jicho palepale,
njia ya kumfikia malkia imefagiliwa.

Ila kwenye mraba wa farasi
palikuwa na kipande cha tofali,
chekundu, kimechongwa shingo kwa pembe ya mwiko,
vumbi lake bado limezunguka miguu.

Askari wa malkia alikuwa bado amelala.
Zamu ilikuwa bado yangu.